"Hata mia tano tu, Mwalimu"

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Msambweni. Mwaka 2011 nilikopa benki shilingi 250,000, nikawa nakatwa kwenye mshahara. Nikastaafu 2014 kabla sijamaliza, na pensheni ikachelewa. Nakumbuka nilipeleka shilingi 3,000 kwa mkono Januari 2015, basi. Benki ikanyamaza miaka yote hii. Mwezi uliopita nimeletewa barua na kampuni ya Nairobi nisiyoijua. Wanadai 417,300 ndani ya siku 7, la sivyo watachukua vyombo vya nyumbani na pensheni, na wataniandikisha CRB, kwenye kumbukumbu za wasiolipa mikopo. Kijana wao hunipigia kila asubuhi, ananiambia nitume hata mia tano tu kuonyesha nia njema. Ni kweli nilikopa, sikatai. Nilipe, ninyamaze, au niwajibu?

Jibu:

Mwalimu, shikamoo.

Nianze na ile mia tano, maana ndiyo yenye haraka. Usiitume. Usiitume leo wala mwisho wa mwezi, na uwaambie wanao wasikulipie kwa huruma ili simu ziache kulia asubuhi. Pesa ikilipwa kwa niaba yako inaweza kuhesabiwa kuwa umeilipa wewe.

Kabla sijasomea sheria niliajiriwa miaka minne katika idara ya kukusanya madeni ya benki moja. Tulikuwa vijana kumi na wawili chumba kimoja, kila mtu na simu yake, na ukutani ubao mweupe wenye safu tatu: jina, ahadi, kilichoingia. Kila Jumatatu tuligawiwa faili. Zile za zamani sana, ambazo mwenyewe hajalipa kitu kwa miaka, tuliziita maiti. Msimamizi wetu alikuwa na somo moja tu kuhusu maiti: usimdai laki nne, muombe mia tano. Mtu atakayekukatia simu kwa laki nne atatoa mia tano kwa haya, hasa akiwa mtu wa heshima zake, mwalimu au imamu au mzee wa kanisa. Siku ya kwanza nilimuuliza, benki kubwa kama hii itafanya nini na mia tano? Akacheka. Akasema, pesa hatuitaki, tunaitaka tarehe.

Tarehe hiyo ndiyo mchezo wote. Hapa Kenya tuna sheria ya ukomo wa kufungua kesi, Sura ya 22. Kifungu chake cha 4 kinasema kesi inayotokana na mkataba haiwezi kufunguliwa baada ya miaka 6 kupita tangu siku mdai alipopata haki ya kudai. Mkopo wako ni mkataba. Ukisoma hapo tu utashusha pumzi. Lakini ruka mbele hadi kifungu cha 23: mdaiwa akilikiri deni, au akilipa chochote kwa ajili ya deni hilo, haki ya kudai inahesabiwa kuwa imezaliwa siku ile ya kukiri au ya malipo ya mwisho. Chochote, Mwalimu. Sheria haikuweka kiwango cha chini. Kifungu cha 24 kinataka kukiri kuwe kwa maandishi na kutiwe sahihi, ila malipo hayahitaji sahihi. Ujumbe wa M-Pesa una jina lako, kiasi, tarehe na saa, na mwanasheria wao atauchapisha na kuuambatisha.

Utaniuliza, kama miaka 6 imeshapita na deni limeshakufa mahakamani, mia tano ya leo italifufuaje? Kifungu cha 23, kwa maneno yake, hakisemi kwamba malipo lazima yafanyike kabla miaka 6 haijaisha. Wakili wako ataweza kubishana, na mimi ningefurahi kuisikia hoja hiyo ikijibiwa, lakini isiwe kwa gharama zako.

Sasa tupige hesabu yako. Makato yalikoma 2014 ulipostaafu. Zile 3,000 za Januari 2015, ambazo naamini ulizipeleka kwa nia safi kabisa, zilianzisha saa upya. Miaka 6 kutoka hapo inakufikisha Januari 2021. Barua iliyokufikia mwezi uliopita imechelewa kwa miaka. Hesabu hiyo inasimama iwapo mambo matatu hayapo, na hayo ndiyo ninayotaka uyahakikishe kabla ya kuandika neno hata moja.

La kwanza ndilo zito: je, kuna hukumu? Huenda benki ilikushtaki 2016 au 2017, samansi, yaani wito wa mahakama, ikapelekwa kwenye shule uliyokwisha kuiacha au sanduku la posta ulilolifunga, na hukumu ikatolewa bila wewe kuwapo. Hilo hutokea kuliko watu wanavyodhani. Hukumu ina umri wake, miaka 12 tangu kutolewa, na hapo hesabu ya miaka 6 haikusaidii tena. Panda matatu uende masjala ya mahakama ya Kwale, kisha Mombasa, ukiwa na kitambulisho, uombe jina lako litafutwe kama mdaiwa. Kama benki ina makao makuu Nairobi, mtume mtu mahakama ya Milimani kule pia. Kesi mpya ziko kwenye mtandao wa Mahakama, lakini za kabla ya 2020 nyingi zimo kwenye rejista za karatasi, na karani anapaswa kufunua kurasa kwa mkono. Nenda asubuhi, watu wakiwa wachache.

La pili, je, uliweka rehani yoyote? Mkopo wa kukatwa kwenye mshahara kwa kawaida hauna, lakini kama hati ya shamba ilikabidhiwa na ikasajiliwa, muda wa kudai pesa iliyofungwa kwa ardhi ni miaka 12.

La tatu, je, kati ya 2015 na leo uliwahi kuandika? Barua ya kuomba muda, fomu ya makubaliano mapya uliyosaini kwenye tawi, baruapepe kwa meneja aliyekuwa mwanafunzi wako. Kumbuka vizuri. Watu wema huandika barua za kuomba radhi, na barua ya kuomba radhi ni kukiri deni kwa mwandiko mzuri.

Tuliache hilo, tuiangalie 417,300 yenyewe. Kwa deni la benki kuna ukuta ambao kampuni nyingi za kudai hujifanya haziuoni. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 1 Mei 2007, kinasema mkopo ukishaacha kulipwa, benki haiwezi kudai zaidi ya salio la deni la msingi lililokuwapo siku ile, pamoja na riba isiyozidi salio hilo, na gharama za kudai. Tuseme ulipostaafu ulikuwa umebakisha 92,000. Riba inaweza kupanda hadi 92,000 nyingine na kusimama hapo, hata ikipita miaka hamsini. Jumla 184,000, na gharama juu yake ambazo lazima waonyeshe zimetoka wapi. Ili wafike 417,300 kwa njia halali ingebidi salio lako wakati ule likaribie 200,000 au wawe na gharama za ajabu. Wewe ulikwisha kulipa miaka mitatu. Zitafute slipu za mshahara, maana nazijua nyumba za walimu, hakuna karatasi inayotupwa. Makato yote yako humo.

Hapo una nguvu kuliko unavyofikiri. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa inazitaka benki zitunze kumbukumbu za miamala kwa angalau miaka 7. Baada ya hapo makaratasi mengi huchomwa au hupotelea kwenye maghala. Benki nazo zimebadilika: K-Rep ikawa Sidian mwaka 2016, NIC na CBA zikaungana kuwa NCBA mwaka 2019, nyingine zikafungwa au kununuliwa vipande vipande. Faili linapohama mara mbili au tatu, kinachofika mwisho mara nyingi ni mstari mmoja kwenye jedwali la kompyuta: jina, nambari ya kitambulisho, simu, kiasi. Kijana anayekupigia huenda hajawahi kuona mkataba wako. Mimi sikuwahi kuona hata mmoja katika miaka minne.

Kwa hiyo wajibu, Mwalimu. Kunyamaza kabisa sikupendekezei, kwa sababu nitakayoifikia, na kubishana kwenye simu ni kupoteza mate. Wajibu kwa maandishi, mara moja, kwa ufupi. Kiswahili kinatosha, ni lugha rasmi kwa Katiba na hawana haki ya kukuambia wameshindwa kukisoma. Mimi ningeandika hivi:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani, kumbukumbu fulani. Sikiri dai mlilolitaja wala sehemu yake yoyote, na barua hii isichukuliwe kuwa kukiri deni. Nileteeni: hati inayoonyesha mna mamlaka gani ya kudai, ama maagizo ya mkopeshaji au mkataba wa kuuziwa deni, nakala ya mkataba wa mkopo wenye sahihi yangu, taarifa kamili ya akaunti tangu mwanzo hadi leo, ikionyesha salio siku mkopo ulipoacha kulipwa, na maelezo ya jinsi mlivyopata nambari yangu ya simu na taarifa zangu. Iwapo dai hili limepitwa na muda uliowekwa na Sura ya 22, nitaitegemea sheria hiyo mbele ya mahakama yoyote. Tangu leo wasilianeni nami kwa maandishi tu."

Hakuna zaidi. Usieleze kwamba pensheni ilichelewa. Usitaje zile 3,000 wala Januari 2015; tarehe wazilete wao, kama wanazo. Usiandike "deni langu" popote, andika "dai lenu". Najua neno "sikiri" litakukwaza, wewe uliyeniandikia waziwazi kwamba ulikopa. Lakini lisome tena: unakataa kulikiri dai kama walivyolileta, la 417,300, mikononi mwa watu usiowajua, na hesabu hiyo kweli huijui. Hapo hujasema uongo.

Ipeleke kwa rejista ya posta na kwa baruapepe pia, ubaki na nakala na risiti. Kijana akipiga tena, mwambie "nimewaandikia" na ukate. Kumtukana hakufai, anarekodi.

Simu zao zikizidi au wakianza kuwapigia majirani na walimu wenzako, una mlango wa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya sheria ya 2019, na malalamiko hupelekwa bila malipo. Ofisi hiyo haitishi kwa maneno tu: mwaka 2023 iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu karibu shilingi milioni 3 kwa kuwasumbua watu kwa taarifa zilizochotwa kwenye simu za wengine.

Ila usizifunge nambari zao. Hii ndiyo sababu niliyosema nitaifikia. Tangu 2020 kanuni za mahakama zinaruhusu samansi kupelekwa kwa baruapepe na hata kwa WhatsApp. Nimemwona mama mmoja wa Kisauni aliyefunga nambari zote za wadai ili apate usingizi, na samansi ikaingia huko huko asikokuona. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inapokea madai hadi shilingi milioni 1 na inakwenda mbio. Kampuni inaweza kufungua hata kesi iliyopitwa na muda kwa kubahatisha kwamba hutatokea. Usipojibu, usitegemee hakimu akufanyie hesabu za miaka. Hoja ya ukomo inatakiwa uilete wewe ndani ya majibu yako. Ukinyamaza wanapata hukumu, na maiti anatembea tena miaka 12. Samansi ikija, soma siku ulizopewa, ujibu kabla hazijaisha, na hoja ya kwanza kabisa iwe Sura ya 22. Kwenye mahakama hiyo unaweza kujitetea bila wakili.

Vitisho vingine vya barua nitavipitia kwa haraka. Mali: dalali wa mnada hawezi kuingia kwako kwa deni hili bila amri ya mahakama, na hata akiwa nayo kwanza huorodhesha vitu na kukupa siku 7. Matandiko, nguo na vyombo vya kupikia sheria imevilinda. Polisi: deni la mkataba ni kesi ya madai; jela ya madai ipo, lakini ni baada ya hukumu na baada ya mahakama kuchunguza kama unao uwezo ukagoma. CRB: anayeandikisha ni mkopeshaji, naye anatakiwa kukuarifu kwanza. Kila mwaka una haki ya ripoti moja bila malipo kutoka kampuni za CRB: TransUnion, Metropol au Creditinfo. Iombe wiki hii uone kama deni limeandikwa, na kwa kiasi gani. Mara nyingi kiasi cha kule hakifanani na cha kwenye barua, na hiyo ni karatasi tamu sana ya kuwaonyesha.

Pensheni inahitaji maneno zaidi. Pensheni ya serikali haikamatwi kwa deni la benki. Sheria ya Pensheni inaikinga. Lakini nina swali ambalo hukulijibu: inaingia benki gani? Kama inaingia benki ile ile iliyokukopesha, au benki iliyorithi jina lake, hapo pana hatari isiyohitaji mahakama. Ukomo humzuia mdai kukushtaki. Hauifuti pesa kwenye vitabu vyake, na benki ikiona akaunti yako moja ina salio na nyingine ina deni, hushawishika kujikata yenyewe. Nenda ukafungue akaunti kwingine na ubadilishe maelekezo ya pensheni. Fanya hilo kabla ya kutuma barua ya majibu.

Nimeliacha mwisho lile lililo moyoni mwako, kwa sababu ukisema "ni kweli nilikopa" nasikia kwamba huulizi sheria peke yake. Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa, na hakuna kifungu kinachoweza kumnyamazisha mtu anayeogopa kulala kaburini na deni. Sheria ya ukomo inaufunga mlango wa mahakama. Kama ulipokea pesa ya watu na hukuimaliza, hilo ni lako na Mola wako, na sitakuambia usilipe. Nitakuambia jinsi ya kulipa bila kujinyonga.

Usilipe kwa kampuni hiyo ya kudai, na kamwe usilipe kwa mafungu. Fungu la kwanza tu linaanzisha miaka 6 mipya kwa deni lote, riba na gharama zao, na ukikwama fungu la nne uko pabaya kuliko ulipo leo. Kusanya kwanza kiasi unachoona kwa dhamiri yako ndicho kilichobaki, tuseme zile 92,000, au sehemu unayoimudu. Kisha mtume wakili, au hata ofisi ya msaada wa kisheria, kwenye benki yenyewe na pendekezo la maandishi lenye kichwa "bila kuathiri haki", yaani lisihesabiwe kuwa kukiri, la malipo ya mara moja na ya mwisho. Benki iliyokata tamaa na faili la miaka kumi mara nyingi hupokea chini ya inachodai. Nimeona wakipokea nusu, na nimeona wakipokea robo. Wakikubali, wakupe barua yenye mhuri inayosema kiasi hicho kinamaliza deni lote, akaunti itafungwa na CRB wataarifiwe. Barua iwe mkononi mwako kwanza, ndipo pesa itoke, kwa slipu ya benki kwenye akaunti ya benki. Nambari ya Paybill uliyotajiwa kwenye simu haifai, hata ikitokea kwa jina linalofanana na la benki. Matapeli nao husoma orodha zile zile za maiti.

Siku 7 za barua yao hazimo kwenye sheria yoyote, zisikukoseshe usingizi. Ulizonazo zitumie kwa masjala na kwa akaunti ya pensheni. Karani akikuta faili lenye jina lako, piga picha ukurasa wa hukumu na tarehe yake, uniandikie tena kabla hujatuma kitu, kwa maana hapo barua niliyokuandikia juu haitumiki na itabidi tuanze kwa kuomba hukumu hiyo iondolewe.